Theluji chini ya inchi moja, kwa nini onyo la blizadi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa naishi Fargo, North Dakota. Huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi. Nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee katika mji mdogo, kama maili 40 kaskazini kwa barabara ya I-29. Leo Jumanne simu imeniletea onyo la blizadi, yaani dhoruba ya theluji, kuanzia kesho saa 9 alasiri mpaka Alhamisi saa 3 asubuhi. Upepo wa kaskazini-magharibi maili 40 kwa saa, mapigo mpaka 55. Lakini nikisoma ndani, theluji mpya ni chini ya inchi moja! Juzi Jumapili zilianguka inchi nne na nilikwenda kazini bila shida. Halafu mwezi uliopita walitoa onyo kama hili, nikabaki nyumbani, nachungulia dirishani naona mtaa mzima mpaka mwisho. Nikapoteza zamu na msimamizi wangu akanuna. Mume wangu anasema nitoke tu, nikae nyuma ya lori kubwa. Hawa watu wa hali ya hewa wanatutisha? Niende au nisiende? Na ikinikutia njiani nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hilo la kutishwa, maana ukishalielewa, mengine yatakuwa mepesi.

Umeona neno blizadi, ukaenda moja kwa moja kwenye mstari wa theluji. Kila mgeni wa huku hufanya hivyo, hata mimi mwaka wangu wa kwanza. Mstari wa kusoma kwanza ni wa upepo. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani inapotoa onyo la blizadi haihesabu inchi hata moja ya theluji inayoanguka. Inataka upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, yaani kilomita 56, uwe unavuma mfululizo au kwa mapigo ya mara kwa mara. Inataka theluji iliyoko hewani iwe nyingi kiasi kwamba huoni zaidi ya robo maili, kama mita 400. Na hali hiyo idumu saa tatu au zaidi. Basi. Theluji ikitoka mawinguni au ikiinuka kutoka chini, kwa onyo hilo ni mamoja. Blizadi inaweza kutokea jua likiwa linawaka, ukiinua macho unaona anga ya buluu, ukiyashusha huoni boneti ya gari lako. Wenyeji wanaiita blizadi ya ardhini, na Bonde la Red River mnakoishi ni mojawapo ya nyumba zake.

Wewe wa Nyarugusu hili hulijui kwa jina la theluji, lakini unalijua. Kumbuka mwezi wa saba, mvua zimekatika siku nyingi, ile barabara ya udongo mwekundu imesagwa na magari mpaka imekuwa unga. Upepo ukipita, nguo zilizoanikwa zinageuka rangi na mtu wa hatua kumi mbele haonekani. Hakuna aliyesema vumbi limenyesha. Lilikuwa pale chini muda wote, likingoja upepo. Inchi nne zako za Jumapili ndizo hilo vumbi. Zimelala mashambani toka Fargo mpaka Kanada, na kesho saa 9 anakuja wa kuziinua.

Na zinainuliwa vivyo hivyo kama mchanga. Upepo ukiwa mdogo, chembe zinabiringika tu. Ukifika kama kilomita 28 kwa saa, kwa theluji kavu, zinaanza kurukaruka: chembe inainuka kidogo, inasukumwa mbele, inaanguka, na pale inapoanguka inazipiga nyingine nazo zinaruka, kama bisi zikishaanza kupasuka kwenye sufuria. Mpaka hapo ni utepe mweupe unaotambaa juu ya lami, miguuni, unaupita huku ukiushangaa. Upepo ukizidi, chembe ndogo hazirudi tena chini. Zinabaki hewani, zinapanda mpaka usawa wa macho, kisha juu ya paa la gari. Jambo ambalo watu hawalitegemei ni hili: upepo ukiwa mara mbili, theluji inayobebwa haiwi mara mbili, inazidi mara kumi. Ndiyo maana kati ya upepo wa maili 25 na wa maili 45 hakuna tofauti ndogo. Ule wa kwanza unakuudhi. Wa pili unakupofusha.

Mtabiri anapokaa kuandika onyo kama lako, swali analojiuliza kabla ya mengine ni hali ya theluji iliyoko chini. Ikiwa baada ya kuanguka jua lilitoka, joto likapita sifuri ya Selsiasi, theluji ikalowa kisha ikaganda tena, basi juu yake kunakuwa na gamba gumu kama ukoko wa wali. Upepo huo huo wa maili 40 utapita juu ya gamba hilo na kuondoka na machache. Lakini yako ya Jumapili ilianguka kwenye baridi kali na tangu hapo haijaonja joto. Ni nyepesi, haijashikana, ukiipuliza kwa mdomo inaondoka. Nenda nje leo uijaribu. Chota kiganjani uifinyange: isipofinyangika, ujue ndiyo itakayosafiri. Ile inchi moja pungufu itakayoongezwa kesho ni chachandu tu.

Ongeza na mahali penyewe. Bonde hilo zamani za barafu lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa sana, wanajiolojia wanaliita Agassiz, ndiyo maana nchi imenyooka kama meza. Wakulima wake wanalima viazisukari na soya, na baada ya mavuno ya Oktoba mashamba ya viazisukari yanabaki uchi, hakuna bua la kuishika theluji. Upepo wa kaskazini unaingia bondeni na kupita nalo bila kukutana na kilima. Pale penye safu za miti iliyopandwa kukinga mashamba kuna nafuu, na jirani zenu wa Minnesota wana utaratibu wa kuwalipa wakulima waache mistari michache ya mahindi bila kuivuna, ili iwe uzio wa kuzuia theluji isifike barabarani. Ukiona mahindi makavu yamesimama Januari, usidhani mwenyewe ni mvivu.

Upepo wenyewe unatoka wapi? Mfumo mdogo wa mgandamizo wa chini wa hewa unashuka haraka kutoka Alberta, Kanada, unadondosha theluji kidogo na kwenda zake. Nyuma yake linafuata bonge la hewa baridi na nzito, mgandamizo wa juu. Hewa hukimbia kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda mdogo, na kadiri tofauti inavyokuwa kubwa katika umbali mfupi ndivyo mbio zinavyozidi. Ni kanuni ile ile inayoleta kusi pwani ya Tanzania na Kenya. Zaidi ya hapo, hewa baridi inapoingia juu ya hewa iliyokuwa na uvuguvugu inachafuka, ile ya juu inayokwenda kasi inashuka kwa mapigo hadi chini. Hayo ndiyo mapigo ya maili 55 uliyoyasoma.

Nimetaja kusi kwa makusudi. Siku ya kusi kali Mafia au Unguja mara nyingi hakuna mvua, jua linawaka vizuri, na ngalawa zimevutwa mchangani. Hata wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika wakati wa kiangazi wanaujua upepo wa kusini unaoamsha mawimbi chini ya anga safi. Umewahi kumsikia mvuvi akisema, leo hakuna mvua, kwa hiyo twende? Anauliza upepo. Huku bara, bahari yenu ni hiyo I-29.

Sasa tuje kwenye dirisha lako la mwezi uliopita. Nakuamini kabisa kwamba uliona mtaa mzima. Mjini kuna nyumba, uzio, miti, maghala, na kila kimoja kinauvunja upepo kidogo na kuiangusha theluji nyuma yake. Nimeona siku ambapo katikati ya mji watu wanatembeza mbwa, na kilomita mbili tu nje, nyumba ya mwisho inapoisha, kuna ukuta mweupe. Unaingia ndani yake kwa kasi ya barabara kuu kama aliyefunikwa shuka usoni. Kwa hiyo dirisha la nyumbani ni shahidi asiyefaa. Shahidi mzuri ni kamera za barabarani. Idara ya barabara ya North Dakota inazo kando ya I-29 na picha zake ziko wazi kwa kila mtu kwenye programu yake ya simu, na unaweza pia kupiga 511 usikilize hali ya barabara. Angalia kamera ya nje ya mji, si ya mjini.

Hata hivyo sitaki kukudanganya kwamba onyo halikosei. Linakosea. Theluji inaweza kuwa na gamba gumu kuliko tulivyofikiri, au mfumo ukapita kilomita mia moja mashariki zaidi, na onyo linatolewa kwa wilaya nzima wakati hali ni mbaya nusu yake tu. Inawezekana la mwezi uliopita lilikosea kweli. Lakini gharama za makosa mawili hazilingani: onyo likitoka bure umepoteza zamu, lisipotoka na ikaja, watu wanakufa. Tarehe 15 Machi 1941, Jumamosi jioni, dhoruba ya namna hii iliingia North Dakota na Minnesota ghafla, watu wakiwa njiani na kwenye shughuli za mwisho wa wiki. Zaidi ya 70 walikufa, wengi wao wakiwa wamenaswa na magari yao. Na Buffalo, New York, Januari 1977, Ziwa Erie lilikuwa limeganda mapema na limebeba theluji juu yake kwa wiki kadhaa. Upepo ulipokuja, iliyoanguka siku zile ilikuwa kama inchi 12 tu, lakini upepo uliifagia ile ya ziwani ukaimwaga mjini mpaka magari yakazikwa. Walikufa 29. Mji huo huo na vitongoji vyake, Krismasi ya 2022, walikufa zaidi ya 40, wengine ndani ya magari na wengine kwenye nyumba zilizokosa joto, kwa sababu hata magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalinasa. Hilo la mwisho nataka ulishike: katika blizadi, mwokoaji wako naye haoni.

Niende au nisiende? Tuitazame saa yako. Zamu ya usiku, nadhani unatoka nyumbani kama saa 3 usiku na kurudi baada ya saa 12 asubuhi. Onyo linaanza saa 9 alasiri kesho na kuisha saa 3 asubuhi Alhamisi. Kwenda kwako kuko katikati yake, kurudi kwako kuko ndani yake bado, na kote ni giza, kwa sababu Januari jua huko linachomoza karibu saa 2 asubuhi. Kwa hiyo jibu langu ni usiendeshe kesho usiku. Sisemi "uwe mwangalifu". Nasema usiendeshe.

Una njia tatu za heshima. Ya kwanza, kama kazi ni lazima na wazee hawawezi kuachwa bila mtu (naijua hiyo dhamiri, wengi wenu mnaofanya kazi za kutunza watu mnayo), nenda mapema. Toka kabla ya saa 6 mchana, barabara ikiwa bado inaonekana, ufike, ulale huko, ufanye zamu yako, na usitoke Alhamisi mpaka onyo liishe na barabara itangazwe kuwa salama. Nyumba nyingi za wazee maeneo hayo hutandika vitanda kwa wafanyakazi siku kama hizo, muulize msimamizi leo. Tatizo la njia hii ni watoto: lazima awepo mtu mzima wa kukaa nao usiku mzima na labda mchana wa pili. Ya pili ni kubadilishana zamu na mtu anayeishi kwenye mji ule ule wa kazini, yeye achukue ya kesho, wewe uchukue yake ya Ijumaa. Mimi ningeanza na hii. Ya tatu, kubaki nyumbani na kupoteza malipo ya usiku mmoja, inauma, lakini ipo. Kama msimamizi atatishia kukufukuza, hilo ni la sheria ya kazi, nami si fani yangu. Onana uso kwa uso na mtu wa sheria, au pitia ofisi iliyokupokea ulipoingia nchini, wana watu wa kukuelekeza.

Kuhusu ushauri wa mume wako. Shemeji anisamehe, lakini hapo ndipo watu wanapoumia. Theluji inayopeperushwa ni nzito karibu na ardhi na inapungua kadiri unavyopanda. Dereva wa lori amekaa juu, kichwa chake kiko karibu na mahali inapoanza kupungua, wewe kwenye gari dogo umekaa ndani ya maziwa. Yeye anaona mita 200, wewe unaona 50, na unachokiona ni wingu ambalo magurudumu yake yenyewe yanakurushia. Akifunga breki, utajua umeshafika. Gari lenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa linapita mita 28 kila sekunde, na juu ya theluji iliyoshindiliwa linahitaji mita 150 hadi 200 kusimama. Piga hesabu na hizo 50 ulizonazo. Ndiyo maana ajali za huku zinakuwa za magari ishirini, thelathini, yamebebana.

Huenda msimamizi akakuambia "lakini barabara iko wazi". Barabara inaweza kuwa wazi na isipitike. Idara ya barabara kwanza hutoa ushauri wa watu kutosafiri, na ikifikia hapo mara nyingi magreda ya theluji nayo yanaondolewa barabarani kwa usalama wa madereva wake. Baadaye ndipo wanashusha vizuizi kwenye njia za kuingilia I-29, na kukipita kizuizi hicho ni kosa la kisheria. Ukisoma kwamba safari haishauriwi, ichukue kama imefungwa. Na usitarajie chumvi. Chumvi ya barabarani inachoka barabara ikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 9 hasi hivi, na kwenye theluji inayopeperuka inaweza kuharibu zaidi: lami kavu theluji inapita juu yake na kuondoka, lami iliyolowa chumvi inainasa, kisha inaganda.

Ikikukutia njiani hata hivyo, maana mipango ni ya mtu na upepo una yake, fanya uamuzi mapema kuliko moyo unavyotaka. Ule utepe mweupe ukianza kupanda toka miguuni kuja kwenye vioo, toka kwenye njia ya kutokea inayofuata, ingia kituo cha mafuta, hata ukibakiza maili kumi kufika. Nimezungumza na wengi walionaswa, na karibu wote wananiambia walikipita kituo. Punguza mwendo polepole, washa taa za kawaida. Taa kali zinagonga theluji na kukurudia machoni. Usisimame kwenye njia ya magari hata kama huoni kitu, maana anayekuja nyuma haoni pia.

Gari likiingia mtaroni au likinasa, kaa humo. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu utaona taa ya nyumba ya mkulima, itaonekana karibu, na miguu itakuambia ni mita 300 tu. Watu wamekutwa hatua chache kutoka milangoni mwao. Ndani ya gari huna upepo, unaonekana, una rangi ambayo si nyeupe. Piga 911, taja I-29, unaelekea kaskazini au kusini, na namba ya kibao cha maili cha mwisho ulichokiona, kwa hiyo anza kuvisoma toka unatoka Fargo. Kama Kiingereza kinakukimbia kwa hofu, sema neno moja tu, Swahili, vituo vingi vinaweza kumpata mkalimani kwa simu.

Halafu bomba la moshi. Nyumbani kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko la mkaa chumbani na haikuamka. Gesi ile ile, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inatoka kwenye ekzosi ya gari. Theluji ikilizika bomba, gesi inarudi ndani mlimoketi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini, shuka ulisafishe bomba, ukilishika gari lenyewe usije ukapotea hatua tatu. Washa dakika kumi kwa kila saa, upate joto, zima. Fungua kioo upana wa kidole upande ambao upepo hautokei. Kichwa kikianza kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito, usiseme ni uchovu: zima injini na ufungue mlango.

Utakuwa umesoma pia kwamba baridi "itahisika" kama nyuzi 40 hasi. Hapo wala usihangaike na Fahrenheit na Selsiasi, kwenye 40 hasi vipimo viwili vinakutana. Namba hiyo si halijoto halisi. Halijoto itakuwa karibu na 10 hasi za Fahrenheit, yaani 23 hasi kwa vipimo vya nyumbani. Mwili wako unajitengenezea kitambaa chembamba cha hewa ya joto juu ya ngozi, upepo unakivua kila kinapojitengeneza, ndiyo maana unapoa haraka. Injini haihisi, haitapoa chini ya ile 23 hasi, itaifikia tu mapema zaidi. Wewe unahisi, na kwa 40 hasi ngozi iliyo wazi, hasa pua, masikio na vidole, inaweza kuganda ndani ya dakika kumi hivi. Ngozi ikifa ganzi na kugeuka rangi ya nta, usiisugue na usiipake theluji, hizo ni dawa za mtaani zinazochana nyama. Iweke kwenye maji ya vuguvugu ukishafika mahali ambapo haitaganda tena, na uende hospitali siku hiyo hiyo. Pombe usiiguse, inafungua mishipa na kuutoa joto lako nje huku ikikudanganya umepata.

Leo, kabla giza halijaingia, jaza tangi la mafuta. Weka nyuma ya gari blanketi mbili, koleo, chaja ya simu, maji, kitu cha kula kisichoganda kama karanga, na kitambaa chekundu cha kufunga kwenye antena. Betri ikiwa na miaka minne au zaidi mpelekee fundi aipime, dukani kwa vipuri mara nyingi wanapima bure.

Na msimamizi mwandikie leo hii, usingoje kesho saa 2 usiku. Mwambie kuna onyo la blizadi juu ya njia yako kwa saa zote za kwenda na kurudi, kwamba uko tayari kuja kabla ya saa 6 mchana ukalale huko au kubadilishana na mtu wa pale pale, na umwombe akujibu kwa maandishi. Ukimwandikia hivyo anapata siku nzima ya kupanga watu, na sidhani kama atanuna tena. Ila saa uiandike kwa mtindo wao. Namjua kijana mmoja aliyemwambia mwenzake wa Kiingereza atafika saa sita, akimaanisha adhuhuri, mwenzake akamngoja jioni. Wewe andika 12 PM.